Bitana ya Tumbo

Jumapili, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, Mama Mdogo naye mzima, na cherehani zenu zote mbili hazijagoma. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo.

Usishtuke. Kuna moto unawaka hapa chini ya kifua, hasa asubuhi, na nikiinama kutoa mashuka kwenye mashine maji machungu yananijaa mdomoni. Wenzangu wananicheka wanasema nina mimba. Nimewaambia labda baba yake ni pasi, maana hapa hotelini sina mwingine ninayemsogelea.

Kazi imepamba moto. Vyumba vyote vimejaa wageni, na sisi wa kufua tuko chini kabisa, hakuna dirisha, joto lake ni kwamba ukitoka nje juani unaona baridi. Mashuka ya asubuhi yakianza kushuka hakuna wa kukaa kula. Nakunywa chai kavu ya rangi nikiwa nimesimama, mgongo ukiuma nameza vidonge vya maumivu, siku inakwenda. Jioni ndiyo nakula, na hapo nakula kama mvunja mawe. Si wewe uliyetuonyesha kwamba fundi hali mpaka kazi iishe?

Simu yako bado haipatikani. Ipeleke ikatengenezwe basi. Tunaandikiana barua kama watu wa zamani, ingawa nakiri bahasha yako ikifika naificha chini ya mto kama mtu aliyeandikiwa na mchumba.

Mwanao,
Dobi


Jumanne, 11 Machi

Mwanangu Dobi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikidhani labda macho yamenidanganya. Chai kavu na vidonge vya maumivu juu ya tumbo tupu! Nani kakuroga?

Nimekwenda kwa daktari kukuulizia. Nimefunga cherehani katikati ya kazi nikaenda, kwa hiyo usinifanye nimekwenda bure. Ni kijana, lakini ana subira. Akanichorea tumbo kwenye karatasi. Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi nguo, nieleze kifundi. Akafikiri, akasema: mama, tumbo lina bitana kama koti. Ndani yake mna tindikali kali ya kusagia chakula, na bitana ndiyo inayoikinga nyama isiungue. Sasa mtu akimeza vidonge vile vya maumivu kila siku, bitana inakonda. Akishinda na njaa na chai kali, inazidi kukereketwa. Inavimba, inakuwa nyekundu, na ikiachwa hivyo hivyo inafika mahali inachimbika vidonda. Halafu kuna vijidudu visivyoonekana, vinaingia kwa maji machafu na mikono isiyonawa, vinakaa humo humo kwenye bitana miaka na mikaka. Vina kipimo chake na dawa yake, na dawa hiyo inamezwa mpaka iishe, si mpaka ujisikie nafuu.

Basi nisikilize. Asubuhi, kabla ya hiyo chai, tia kitu tumboni, hata kipande cha mkate wa jana. Kula kidogo kidogo, mara kwa mara, usingoje jioni ujilipizie. Vidonge hivyo viache, na huo mgongo ukamwonyeshe daktari akupe kitu kingine. Kama pilipili inakuunguza, ipe likizo. Nawa mikono. Na nenda ukapimwe. Kinga ni rahisi kuliko tiba, na kulinda bitana ni rahisi kuliko kuitia kiraka, hilo hata mimi nisiye daktari nalijua.

Hayo ya kutokula ni ya mimi na kitambaa cheupe, hayakuhusu. Bibi aliyenifundisha ushonaji alikuwa akinichapa vidole kwa rula nikionekana na hata chembe ya mkate kwenye chumba cha nguo za maharusi. Cheupe na chakula havikai chumba kimoja, ndivyo alivyosema, na mpaka leo kitambaa cheupe kikiwa mezani koo langu linajifunga lenyewe. Wewe uchafu ndiyo kazi yako, kula.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Usinifiche kitu, mwanangu.

Mama yako,
Fundi


Jumatatu, 24 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka tumbo lenyewe likasahau kuuma. Mganga hajigangi! Anayeshinda na njaa kuliko wote katika ukoo wetu ndiye anayeniandikia barua ndefu ya kula. Na wakati huu wa maharusi najua una gauni jeupe mezani toka kuche mpaka kuchwe. Wewe unakula saa ngapi?

Nitakwenda kupimwa, nakuahidi, ila si sasa. Msimamizi wetu anaacha kazi, anahama na mumewe, na wanamtafuta wa kushika nafasi yake. Meneja amenitazama tazama. Sasa hivi nikiomba ruhusa ya hospitali atasema huyu ni mgonjwa mgonjwa, atampa mwingine. Msimamizi hashiki pasi, Mama. Anavaa blauzi nyeupe, anatembea na kalamu. Fikiria mimi na kalamu.

Mkate wa asubuhi nimeanza kula. Wa jana, kama ulivyoagiza.

Dobi wako


Jumatano, 9 Aprili

Dobi,

Leo nakuandikia kama mteja. Ni satini nyeupe. Damu, mbele ya gauni, kutoka kifuani kushuka kiunoni. Nimejichoma sindano. Imekauka, na sijaigusa, naogopa kuiharibu zaidi. Harusi yenyewe ni mwisho wa mwezi. Niambie nifanyeje.

Ukipata hiyo kazi, blauzi usinunue. Nitashona mimi.

Mama


Jumatano, 16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Maji baridi! Usithubutu ya moto. Maji ya moto huipika damu ndani ya uzi, na ikishapikika umeikaribisha nyumbani. Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi, uyabadilishe kila yakigeuka rangi. Kisha sabuni laini, ugonge gonge kwa nyuma ya kitambaa kwa ncha za vidole. Usisugue, satini ina kisirani, ukiisugua inachubuka. Na usilianike juani mpaka doa liishe kabisa.

Lakini Mama, kidole gani hicho? Kifuani mpaka kiunoni! Ulijichoma sindano au ulichinja mbuzi juu ya gauni la watu? Miaka yote hiyo hujawahi kudondosha hata tone la maji kwenye nguo ya bibi harusi. Uzee huo unaingia. Nimewasimulia wenzangu, nao wanakusalimu na kukupa pole ya kidole.

Kiungulia bado. Nakula mkate, lakini vidonge sijaacha, mgongo hauniachi.

Dobi wako


Jumatano, 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Damu haikutoka yote, basi nimekitoa kipande cha mbele nikatia kingine, usiku na mchana, na bibi harusi amevaa na kucheza bila kujua. Wasalimu wenzako. Kidole kimepona.

Nyeupe nimeipumzisha kidogo. Nashona sketi za shule sasa, rangi nzito. Macho yamechoka.

Kumbe barua zangu unazisoma kama gazeti la kufungia maandazi! Nilisema vidonge uache. Nilisema ukapimwe. Kazi ya kalamu itakufaa nini ukiwa kitandani? Na kuna jambo nililisahau. Choo kikiwa cheusi na kinanata kama lami, au ukitapika kitu kama kahawa iliyolowa, au damu yenyewe, usijiambie labda ni kitu ulichokula. Hapo ni bitana inavuja. Usingoje kesho, usingoje kazi iishe, nenda siku hiyo hiyo. Umenielewa? Usifanye kama watu wanaojifunga kanga kiunoni wakaendelea na kazi.

Nenda, mwanangu. Nikikuomba kitu kimoja tu katika maisha yako, ni hiki.

Mama


Jumatatu, 19 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekwenda. Furahi sasa.

Nimepimwa, na vijidudu vyako hivyo ninavyo, na bitana yangu imevimba lakini haijachimbika. Nimepewa dawa za kuviua na za kupunguza tindikali, na vile vidonge vya mgongo nimekatazwa kabisa. Daktari anasema nimewahi, nikifuata masharti nitapona. Na meneja hakununa hata kidogo. Kazi wamenipa mimi. Naanza Julai.

Ila sikuandikii kwa furaha. Daktari wangu ni mama mtu mzima. Kila alilotaka kunieleza nilikuwa nalijua, nikamwambia habari ya bitana, akacheka akaipenda. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema mama yangu, alimwuliza daktari kwa niaba yangu. Akauliza, na habari ya choo cheusi, na ya kutapika kahawa, hiyo nayo alikuulizia? Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Mama yako anaumwa tangu lini?"

Nikamwambia haumwi. Nikasema mama yangu hajawahi kuumwa. Nilipofika mlangoni nikakumbuka satini.

Mama, damu ile ilitoka kidole gani?

Dobi


Jumatatu, 2 Juni

Mwanangu,

Mimi ni mama yako mdogo, ninayeshona vifungo na pindo hapa kwa dada. Unajua mimi na kalamu hatupatani, kwa hiyo nivumilie. Barua yako imefika, dada ameisoma, akaikunja, akaingia ndani. Leo siku ya kumi hajaijibu. Nimemwambia usipojibu wewe nitajibu mimi. Akasema, "Jibu basi, wewe mwenye mdomo." Ndiyo ninajibu.

Kidole hakuna. Tumbo limemsumbua tangu mwaka jana. Alikuwa akimeza vidonge kwa ajili ya vidole, vinamkakamaa kwa kushona, vidonge vile vile unavyomeza wewe. Asubuhi chai kavu, halafu anaingia chumba cha nyeupe na kujifungia. Ukimpelekea uji anakufukuza kama mbwa mwizi. Nimegombana naye juu ya uji huo mpaka majirani wakaja.

Kwa daktari alikwenda kwa ajili yake mwenyewe, kabla barua yako haijafika. Alichorewa yeye. Dawa alipewa yeye, akameza, akapata nafuu, akaziacha nusu kwa kuwa magauni yalikuwa mengi na dawa zilitaka ale. Ulipoandika kwamba na wewe tumbo linawaka moto, alilia. Alisema, "Nimemrithisha mwanangu njaa yangu." Ndipo akakaa kukuandikia yote aliyoambiwa.

Siku ya gauni alikuwa amelishika anakagua mshono wa kifuani. Akakohoa, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anatapika damu, mwanangu, ikamwagika juu ya satini yote. Unajua neno la kwanza alilosema? Alisema, "Gauni la watu!" Alilazwa, akaongezwa damu. Barua ile ya kukuuliza namna ya kulisafisha aliandika akiwa hospitali, mimi nikampelekea karatasi nikidhani anakuita uje. Kile kipande cha mbele nimeshona mimi, yeye ananielekeza kitandani.

Simu ni nzima. Ameizima kwa sababu alisema sauti yake ingemfichua.

Sasa yuko nyumbani. Anameza dawa, nasimama juu yake kama askari. Lakini hana nguvu, na rangi yake siipendi.

Mama yako mdogo


Jumapili, 8 Juni

Mama,

Sina shikamoo ya leo. Nimekukasirikia mno. Nimekaa kwenye kapu la mashuka machafu nikalia mpaka wenzangu wakaniletea maji.

Umeniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ulikuwa unamwambia nani? Umeniuliza damu inatokaje kwenye satini, na mimi nikakufanyia mzaha wa mbuzi. Nimewachekesha watu kwa damu yako, Mama.

Nimeomba ruhusa. Wamenipa kuanzia tarehe 28, zamu ikipata mtu. Mpaka hapo nina amri moja, na utaitii, kwa sababu na mimi nilikutii. Utakula. Na utakula kwenye meza ya kushonea, kitambaa cheupe kikiwa juu yake, maana nakujua, ukiondoka mezani utasema unarudi kula na hurudi. Bibi aliyekuchapa vidole alishakufa zamani, nami simwogopi. Dondosha. Mwaga. Chochote kitakachodondoka niletee mimi, hakuna doa linalonishinda. Mtoto wako ni dobi. Ulidhani nimejifunza kazi hii kwa ajili ya mashuka ya wageni?

Shikamoo, Mama. Siwezi kumaliza bila hiyo.

Dobi wako


Jumapili, 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba tena kwa ile uliyoninyima mwanzoni.

Niliogopa ungeacha kila kitu ukaja, na kazi ya kalamu ikaenda kwa mwingine. Na niliona haya. Mtu mzima, fundi wa watu, kushindwa na tumbo lake mwenyewe kwa kukataa bakuli la uji. Nilitaka angalau wewe uwahi. Umewahi. Hilo nalisoma kila siku kwenye barua yako, pale daktari aliposema haijachimbika.

Nimeitoa nyeupe tena, safari hii si ya bibi harusi. Ni blauzi. Kola ndogo, mikono mirefu yenye kishikizo, isikuzuie ukinyanyua mkono kuwaonyesha watu kazi. Nashona kidogo kidogo, mama yako mdogo ananihesabia dawa na kunikodolea macho.

Na nimekula. Mezani. Vijiko vitatu vya kwanza nilikuwa nikitazama mlangoni kama mwizi. Halafu nikamaliza bakuli.

Tarehe 28 si mbali. Nitakupokea kituoni.

Mama yako,
Fundi


Jumapili, 20 Julai

Mwanangu,

Natumaini umefika salama, na kazini wamekupa pole. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Watu wa matanga wametawanyika, viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe, na mimi nashona nikiwa nimewasha redio, sipendi kusikia cherehani moja peke yake.

Ulipokuja kumzika sikuwa na uwezo wa kusema, na wewe hukuwa na uwezo wa kusikia. Sasa nitasema. Alfajiri ile damu iliporudi, kabla tarehe 28 haijafika, nilimwahisha hospitali, na walimhangaikia kweli. Daktari yule kijana alilia. Alisema dawa zilikuwa zinafanya kazi, ila kidonda kilikuwa cha siku nyingi na kilifika kwenye mshipa. Alisema angalikuja mwaka mmoja nyuma wangalicheka naye na kumrudisha nyumbani. Sikuandikii kukuumiza. Nakuandikia ili uendelee kumeza dawa zako mpaka ziishe.

Kwenye kifurushi hiki mna blauzi yako. Alikuwa ameimaliza, imebaki vifungo, nimetia mimi. Nilitaka kuileta mazikoni nikashindwa.

Utaona mkono wa kulia, karibu na kishikizo, kuna doa. Ni uji. Ulimdondoka siku ile ya kwanza alipokula mezani. Niliruka kwenda kuchukua maji, akanishika mkono. Akasema, "Liache. Nikimwandikia kwamba nimekula, ataamini nusu. Hili ataliamini lote."

Mama yako mdogo


Jumapili, 3 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Nilikaa nacho kitandani siku nzima bila kukifungua, kisha nikakifungua, kisha nikakifunga tena.

Dawa nimemaliza zote, nimepimwa upya, vijidudu havipo na moto umezimika. Mgongo wananikanda na kunifundisha namna ya kuinama. Hayo ndiyo mema. Mengine unayajua, maana na wewe unayo.

Jambo la kwanza nililofanya kama msimamizi ni kuweka benchi kwenye chumba cha mashuka. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kila mtu anakaa anakula. Wanatafuna huku wanasaga meno kwa hasira, wanasema mashuka yanasubiri. Nawaambia mashuka hayana tumbo.

Jana nimeivaa. Imenikaa kama alinipima usingizini. Tulikuwa tunaanza kazi, meneja akashuka kukagua, akanizunguka, akasifu kola. Halafu akauona mkono wa kulia.

"Msimamizi mzima wa madobi, una doa? Hilo halitoki?"

"Linatoka," nikamwambia. "Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Hata dakika halimalizi."

Akasimama pale, anangoja niende kwenye karo.

Nikamwomba anipishe, nikaenda kukaa kwenye benchi na wenzangu, nikala.

Dobi wenu